Maneno Yaliyopita Juu ya Ukuta

Frédéric alipomtoa mama yake Lubarika na kumleta Uvira, mji wa kando ya ziwa, nia yake ilikuwa moja: mama apumzike. Mama Ninahazwe alikuwa amelima bonde la Ruzizi tangu ujana, mpunga na mihogo, na baada ya mumewe Hatungimana kufariki alibaki peke yake katika nyumba iliyokwisha kuinama upande mmoja. Frédéric ni mwashi. Alimjengea chumba kwenye kiwanja chake katika mtaa wa Songo, akamnunulia kiti chenye mito, akamwekea redio karibu, na kumkataza kugusa jembe, ndoo wala sufuria.

"Umetumika ya kutosha," alimwambia. "Sasa ikala tu, Mama."

Mama akakaa.

Mvua zilipoanza, akili yake ilianza kuteleza. Kwanza yalikuwa mambo madogo. Alimwita mjukuu wake Vanessa kwa jina la dada yake yeye mwenyewe, aliyekufa zamani. Kisha viatu vyake vikaonekana ndani ya gunia la unga. Jioni moja aliuliza kwa nini Hatungimana anachelewa kurudi shambani, na Frédéric akatoka nje uani.

Mkewe Dorine ndiye aliyempeleka mama kituo cha afya. Muganga alipima malaria, sukari na presha, akazungumza na mama polepole, akamwuliza maswali ya siku na miezi.

"Inaonekana ni ugonjwa wa kusahau, na ndiyo kwanza unaanza," alimwambia Dorine baadaye. "Dawa ya kuufuta sina. Lakini umuangalie vizuri. Siku gani iko sawa, siku gani anapotea. Kisha urudi uniambie."

Dorine alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, hatua chache kutoka kwa kile kiti, kwa hiyo kumwangalia mama hakukumpa taabu. Tena alikuwa mtu wa kupenda kujua. Nguo ya mtu ikimpendeza barabarani, alikuwa anaweza kumfuata ili tu aone mshono wa bega umekaaje.

Baada ya majuma machache aliona jambo ambalo hakulielewa. Siku za soko la Mulongwe, alipokwenda kuwapelekea wateja nguo zao, alirudi na kumkuta mama mwingine kabisa. Macho yalikuwa yameamka. Siku moja mama alimwuliza, kabla hata hajatua kikapu, kama lile gauni la bibi harusi lilimkaa kiunoni. Dorine alikuwa amelitaja gauni hilo mara moja tu, juzi yake, akiongea peke yake huku akishona. Siku nyingine zote mama alisinzia kitini, na ukimwuliza kitu alijibu cha mwaka mwingine.

Ni nini? Dorine alianza na chai. Siku za soko humwachia chupa ya chai ya maziwa, basi akampa chai hiyo hiyo siku ya kawaida. Hakuna kitu. Akafikiri ni redio, maana siku za soko mara nyingi huikuta imezimwa. Akaizima asubuhi nzima. Mama akakaa katika ukimya, akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

Lilibaki wazo moja, nalo lilimuuma. Siku za soko, kinachokosekana nyumbani ni mimi. Labda mimi ndiye ninayempoteza.

Siku ya soko iliyofuata alibeba kikapu, akaaga, akashuka mpaka kwenye kona. Kisha akapanda tena kwa njia ya nyuma, ile inayopita kati ya migomba na choo, akasimama asionekane.

Kiti kilikuwa hakipo barazani. Mama, ambaye hakuruhusiwa kuinua hata kikombe, alikuwa amekiburuta mpaka kwenye ukuta wa mpaka, pale ambapo mvua ilibomoa matofali ya juu na ukuta ukabaki wa kufika kifuani. Upande wa pili kilionekana kichwa cheupe cha mzee. Dorine alimfahamu. Alikuwa Gaspard, Mvira aliyevua ziwani maisha yake yote, anayeishi na binti yake Georgette, anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, soko la Mulongwe. Mkono wa mzee ulipanda juu ya ukuta ukiwa umeshika samaki kwa mkia.

"Na huyu? Ku Kirundi munamuita nani?"

"Ifi."

"Iiifi."

"Hapana, weye unavuta sana kama unavuta nyavu. Ifi."

"Ifi. Na wakiwa wengi?"

"Amafi."

"Amafi," mzee alirudia, akitingisha kichwa kama aliyeonja kitu kipya. "Sasa zamu yako. Ile siku nilikufundisha jina la upepo wenye kutoka ku milima ya ngambo. Ku Kivira. Sema."

Mama alifunga macho. Midomo yake ilicheza bila sauti. Mwanamke huyu, asubuhi ile ile, hakujua ni siku gani ya juma. Mzee hakumsaidia wala hakumharakisha, alingoja tu, mikono yote miwili juu ya matofali.

Kisha neno likatoka, taratibu, likiwa na lafudhi ya Lubarika.

"Eeeh!" Gaspard alipiga ukuta kwa kiganja. "Minye nilisema weye ni mwanafunzi mubaya. Nabadilisha!"

Mama alicheka. Tangu mama aje Songo, Dorine hakuwahi kusikia kicheko kile.

Jioni alimsimulia mumewe kwa furaha, akidhani anampa habari njema. Frédéric aliacha kula.

"Mama yangu anasimama ku ukuta kuongea na mwanaume? Batu ba hapa batasema nini? Batasema hatumuchungi."

"Anajifunza Kivira, baba Vanessa. Anakumbuka!"

"Iko na miaka ya kupumzika. Si ya kwenda shule."

Jumamosi alichanganya saruji na kuujenga ukuta ukarudi urefu wake wa zamani, kazi safi, matofali yamenyooka kama mstari wa rula. Mama alimtazama kutoka kitini. Siku ya soko iliyofuata Dorine hakwenda popote. Alimwona mama akiinuka, akienda mpaka ukutani, akiweka kiganja juu ya saruji na kurudi. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anamwita Dorine "dada" na kumwuliza anatokea wapi.

Ndipo Georgette alipobisha mlangoni, bado na harufu ya samaki mikononi.

"Samahani, mama Vanessa. Minye niko nauliza tu. Ule mama wa Kirundi iko mugonjwa?"

"Kwa nini unauliza?"

Georgette alikaa chini bila kukaribishwa. Alieleza kwamba baba yake alikuwa ameanza kusahau tangu mwaka uliopita. Alitoka kununua sabuni akaokotwa mbali, Kavimvira, hajui njia ya kurudi. Kisha, ghafla, akaanza kupata nafuu, na Georgette hakujua sababu. Alidhani ni mukeke, samaki aliyekuwa anampikia. Akadhani ni maombi ya parokia. Alichoona ni kwamba akirudi sokoni humkuta baba akijisemea maneno ya lugha isiyo yao, kama mtoto anayekariri somo. Sasa, tangu ukuta upandishwe, yale maneno yamekwisha, na baba ameanza tena kuuliza mtumbwi wake uko wapi, mtumbwi aliouza zamani.

Dorine alimtazama. "Minye nilijaribu na chai," alisema.

"Chai?"

"Chai. Na redio."

Wakaanza kucheka wote wawili, wanawake wawili waliokuwa wakipeleleza kitu kimoja, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Frédéric aliporudi kazini hawakumhubiria. Dorine alimwambia tu, "Mama iko pale. Umuulize yeye mwenyewe."

Alichuchumaa mbele ya kiti. "Mama, unakosa nini hapa kwangu?"

Mama Ninahazwe akasema kwa Kirundi, lugha ambayo mwanawe hakuitumia tena naye isipokuwa kwa salamu, "Hapa mnaniletea chakula. Mnaniletea maji, mnaniletea dawa. Hakuna anayeniuliza kitu. Yule mzee ananiuliza."

Kesho yake Frédéric hakwenda kazini. Alichukua nyundo na tindo, na badala ya kushusha ukuta alikata mlango, akaweka fremu ya mbao na kizingiti cha chini sana ili mguu wa mzee usijikwae.

Siku hizi mlango huo haufungwi mchana. Spès, mjane wa barabara ya juu, huja na mchicha wake wa kuchambua, na Libérat, aliyekuwa mwalimu, huja kusahihisha watu ambao hawajamwomba. Wanagombana kwa lugha tatu. Mama huchambua mchicha pamoja na Spès, na hakuna anayemkataza.

Dorine alirudi kwa muganga kumwambia alichokiona. Muganga alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mengi. "Ugonjwa haujaondoka," alisema. "Utaendelea, na mimi siahidi kitu. Lakini nimeona watu wenye kuzungumza na wenzao wanakawia kupotea. Musiache."

Ni kweli haujaondoka. Kuna asubuhi mama hamjui Vanessa. Kuna siku Gaspard hukaa mlangoni akiangalia mikono yake tu, na wenzake humwacha mpaka arudi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Frédéric alivuta kigoda karibu na kiti cha mama. Alionekana kama mtu asiyejua aanzie wapi. Mwishowe aliuliza, kwa Kirundi cha kukwama kwama, "Mama, mara ya kwanza ulimuona wapi baba?"

Mama aligeuka akamtazama vizuri. "Kwa nini unataka kujua?"

"Sijawahi kukuuliza."

"Nyakabere," mama alisema. "Mto ulikuwa umejaa, na yule mpumbavu alitaka kuuvuka na mbuzi."

Ndani, Dorine alisikia, akapunguza moto chini ya sufuria ya maharage, akatoka kwenda kusikiliza.