Wali wa Ngoma za Kyaw Thet

Asubuhi ya sherehe ya pepo Nwe Yin alipika wali mlaini kupita wa kula, akauponda na majivu ya kuni mpaka ukawa donge, akaliweka kwenye bakuli. Kila ngoma ya Kyaw Thet hubandikwa kipande cha donge hilo katikati ya ngozi. Ukiongeza, sauti inashuka, ukipunguza, inapanda. Miaka yote wali ulitoka jikoni kwa Nwe Yin, na Kyaw Thet hukaa papo hapo kwenye kigoda akisubiri uive, akiongea. Kwa maneno matamu, yule hakuwa na mpinzani.

Nwe Yin alizaliwa mvulana. Pepo mmoja mlevi, mpenda kuku wa kukaanga, alimtaka tangu ujanani, wakafungishwa ndoa kwa shangwe, na toka hapo mtaa wao mjini Mandalay humwita Mama. Kuwa mke wa pepo, akupande na kunena kwa mdomo wako kwenye sherehe za watu, ni heshima. Kuwa mke wa mpiga ngoma huku una ndevu za kunyoa, hilo mtaa haukutaka kulisikia. Kwa hiyo mbele za watu Kyaw Thet alimwita Mama kama wengine, na jikoni alimwita Nwe.

Mwenye sherehe siku hiyo alikuwa Daw Ohn Tin, mama yake Kyaw Thet. Nwe Yin alikuwa ameshaketi kwenye banda la mianzi, mbele ya nazi na ndizi za pepo, ndipo akaambiwa shughuli yenyewe ni ipi.

"Mwombe mumeo ambariki mwanangu," alisema Daw Ohn Tin. "Anamwoa Pwint, binti wa muuza hariri."

Nwe Yin alimgeukia Kyaw Thet. "Ulijua?"

"Mama, tuanze," alijibu Kyaw Thet, akibandika wali. "Jua linapanda."

Alipoigonga ngoma ya kwanza, haikulia. Ilisema, kwa sauti ya Kyaw Thet mwenyewe: "Nwe, mama akifumba macho tu, nahamia hapa." Ya pili ikasema: "Sina mwingine, haki ya nani." Ile kubwa ikasema: "Mchuzi umepungua chumvi, mpenzi."

Mpiga zumari alisubiri zimalize. Watu waliendelea kujipepea.

"Kumbe kifo changu kinasubiriwa," alisema Daw Ohn Tin. "Baba yake naye alikuwa hivi hivi, mdomo asali. Pwint, mwanangu, hebu kimbia ulete wali wa kwenu."

Ukaletwa. Ngoma zikakwanguliwa, zikabandikwa upya, zikalia safi kabisa.

Nwe Yin alibaki na tumaini moja: mumewe. Pepo yule ana wivu, na amesikia kila kitu. Atakataa. Atapindua meza ya nazi mbele yao wote, na wakome! Akajifunga kitambaa chekundu, akacheza mpaka akapandwa.

Pepo alikula kuku mzima, akanywa, kisha akasema kwa mdomo wa Nwe Yin: "Waoane. Wazae. Kuku wa pili yuko wapi?"

Watu wakapiga makofi. Nwe Yin alipozinduka na kuambiwa alichotamka, kidevu chake kilikuwa bado na mafuta.

"Nyote wawili," alisema. "Nyote wawili, jamani!" Moyo ulimchoma hata akashindwa kujifuta. Hakuna aliyeuliza wawili gani.

Harusi ikafanyika. Msimu uliofuata Kyaw Thet alisimama mlango wa jikoni na bakuli tupu.

"Mama," alisema, na jikoni hapakuwa na mtu mwingine. "Wali wa kule haushiki. Jua likiwaka tu, unadondoka."

"Huna haya, Kyaw Thet."

"Sina."

Kesho yake palikuwa na sherehe, na pepo hapandi bila ngoma. Nwe Yin akainjika sufuria.

"Na zikianza kusema?"

"Ziseme tu. Watu wameshazoea."

Akavuta kigoda chake kile kile, akakaa kusubiri uive. Na kwa kuwa kunyamaza hakukuweza, akaanza kumsimulia Nwe Yin jinsi mimba inavyomsumbua Pwint asubuhi.