Ukuta Uliomjua Fundi

Jumatatu saa mbili asubuhi Mama Vifungo, fundi cherehani, alimkuta shemeji yake amekaa kwenye kiti chake, futi kamba shingoni, akiipapasa cherehani kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani.

"Leo fundi ni mimi, shemeji," alisema yule wa kitini. "Karani wa mwenye jengo anakuja."

Mkataba wa chumba ulikuwa na jina la shemeji. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa amempangishia Mama Vifungo kwa maneno ya mdomo, akisema undugu ni kufaana, kuandikishana ni kwa wageni. Sasa mkataba ulikuwa unaisha, na sheria ilisema anayeongezewa muda ni mpangaji anayefanya kazi humo mwenyewe. Shemeji alitaka aongezewe, kisha amweke fundi simu. Mama Vifungo alitaka kubaki tu. Roho ilimuuma sana, ila sare za shule zilikuwa hazijaisha, akakaa sakafuni akashona kwa mkono.

Karani alipoingia na fomu yake, ukuta wa dirishani ulikohoa.

"Huyo wa kitini hajawahi kushona hata kifungo," ukasema. "Mwenye kukaa hapa ni yule wa chini. Huimba akitunga uzi. Mgongo ukimchoka, huniegemea mimi."

"Taratibu basi, naandika," karani alisema.

Ukuta ukarudia taratibu, na tarehe juu. Karani akajaza: jina, Ukuta, kazi, kusimama. Kwenye nafasi ya sahihi ikadondoka chokaa kidogo, akasema inatosha.

"Shahidi mzuri huyu," alisema, akamgeukia Mama Vifungo. "Mama, mkataba unao?"

"Nina miaka kumi na moja humu."

"Hiyo haina sahihi. Shemeji yako ana karatasi, na mimi nimemkuta kitini."

Shemeji akaongezewa miaka mitano. Mama Vifungo akalia kidogo ngazini, akajifuta kwa kitambaa cha mteja, akahamishia cherehani barazani kwa dada yake.

Fundi simu aliingia wiki hiyohiyo, kwa maneno ya mdomo. Kila asubuhi ukuta humuuliza, "Mama Vifungo amefika?"

"Bado," hujibu, akifungua simu ya mtu. Wateja wameshazoea.

Siku hizi ukuta umeongeza swali la pili: na wewe, mkataba unao? Hapo fundi simu hupandisha sauti ya redio.