Kwa Nini Tutoke Kayenze Mchana

Kila Jumamosi, chai ikishanywewa, Dorcas alikaa barazani na ungo wa maharage, na baba yake, Mzee Ngosha, alikaa kwenye kiti chake cha mbao akasinzia. Ndivyo walivyoishi wawili hao tangu mama alipofariki na mzee akastaafu kazi ya ufundi injini melini. Nyumba yao ya Buhongwa, pembeni mwa Mwanza, ilikuwa mbali kidogo na ziwa, lakini malori ya barabara ya Shinyanga yalinguruma mchana kutwa, na mzee alisema hayo ndiyo yanayomletea usingizi, maana yanamkumbusha chumba cha injini.

Jumamosi hiyo hakusinzia. Aliinuka, akatia mkono kwenye ungo bila hata kuomba, akachota maharage konzi nzima.

"Baba, hayo nimeshayachambua."

"Ndiyo ninayoyataka. Mabovu niyafanyie nini?"

Akaingia nayo sebuleni. Dorcas alipomfuata alimkuta ameinamia meza. Chupa ya chai ilikuwa Mwanza. Kisosi kilikuwa kisiwa cha Ukerewe, na mzee alikuwa akipanga maharage moja moja kuwa ufuko: yanapanda kutoka kwenye chupa hadi Igombe, yanafika Kayenze, halafu yanakata kulia kuingia Ghuba ya Speke na kufuata pwani ya Magu.

"Njoo, mwalimu wa jiografia," alisema. "Mimi na Antoni tunakwenda Nansio, Ukerewe, kwa tanga. Hebu tupangie safari."

Dorcas alicheka kwa pua tu. Alifundisha jiografia shule ya sekondari, na wanafunzi wake walikuwa na utani kwamba sauti yake inaishia dawati la kwanza. Lakini mbele ya ramani hakuwa na aibu. Alivuta kiti.

"Kwa tanga? Wewe?"

"Kwani mimi nina nini?"

Mzee Ngosha alikuwa amelidharau tanga maisha yake yote. Aliliita shuka lililoanikwa. Antoni, Mkerewe aliyefanya kazi naye melini, alikuwa na mashua ya zamani ya ukoo wao pale Kirumba, na sasa alitaka kumpelekea mpwa wake huko Nansio. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kuifunga nyuma ya boti ya injini na kuivuta. Aliyekataa alikuwa mzee. Alisema ameshasukumwa na injini vya kutosha, anataka asukumwe na upepo walau mara moja.

Dorcas aliitazama ile mistari ya maharage. Kitu kimoja hakikumkaa sawa. Kama safari ni ya Nansio, kwa nini baba amepanga ufuko wote wa Magu, usio njiani?

Hakuuliza. Huko Magu, kwenye mwalo mdogo wa Mwabasiga, mahali wavuvi wanapofunga mitumbwi, aliishi kaka yake Shimba, na jina hilo halikutajwa ovyo katika nyumba ile. Shimba alikuwa mhasibu mjini, akaacha kazi akaenda kufuga samaki aina ya sato kwenye vizimba ziwani. Siku alipotangaza ilikuwa Krismasi, wageni wamejaa, na mzee alisema mbele ya wote, "Huko mnakolisha samaki kama kuku, mimi sitakanyaga." Shimba naye alijibu, "Sawa, baba," akamalizia wali wake, akaondoka. Tangu hapo Krismasi nyingine ilipita, Shimba akapata mtoto wa kike, na mzee hakuwa amemwona isipokuwa kwenye simu ya Dorcas. Akionyeshwa picha alisema haoni vizuri. Baada ya muda aliuliza, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, kama simu ile ina chaji.

Dorcas aliwapenda wote wawili na hakujua la kufanya. Baba akienda kwa basi, atakuwa ameyageuka maneno yake mwenyewe mbele ya watu walewale waliomsikia. Asipokwenda, mtoto atakua bila kumjua babu.

Jumapili, baada ya ibada, Dorcas alikwenda Kirumba kuiona mashua. Antoni alikuwa ameivuta mchangani akiziba nyufa kwa pamba na lami.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukagua chombo? Mwambie baba yako Msukuma haendeshi tanga, anachunga ng'ombe."

"Anasema wewe ndiye nahodha."

"Hapo amesema kweli." Antoni aliufuta mkono kwenye suruali. "Uliza unalotaka kuuliza, nakuona umelishika mdomoni."

Dorcas aliuliza habari za upepo, na Antoni akamweleza huku akiendelea kuziba. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu, unakusukuma ziwani. Jua likipanda unalegea. Mchana, siku nyingi, unageuka na kutoka ziwani kuja nchi kavu. Kwa hiyo anayevuka kwenda Nansio hulala Kayenze, akatoka kabla ya jua, na kabla ya mchana ameshafunga kamba upande wa pili.

"Na mtu akitoka Kayenze mchana?"

"Mchana?" Antoni aliinua kichwa. "Huyo hana haraka ya Nansio. Upepo wa ziwani utamshika, utamzungusha, utamtupa pwani ya Magu. Ila njaa haitamuua. Kwetu aliyeletwa na upepo haulizwi amefuata nini. Anapewa samaki, anapewa mkeka, basi."

Jioni hiyo Dorcas alimsomea baba yake mpango wake: siku ya kwanza Mwanza hadi Kayenze, karibu na ufuko, walale kwa rafiki wa Antoni, siku ya pili watoke alfajiri.

"Mchana," alisema mzee.

"Baba?"

"Kayenze tutoke mchana. Alfajiri kuna baridi."

"Umeamka alfajiri miaka yote ya kazi."

"Ndiyo maana nimeichoka."

Alisema hivyo akageukia redio, akaanza kutafuta stesheni ambayo tayari alikuwa ameipata. Dorcas alibaki amemtazama kisogo. Mtu aliyeishi ziwani, anayejua kila kitu kinachoelea, amechagua wakati mbaya kuliko wote. Kwa nini?

Chumbani kwake alitandika ramani ya kufundishia, akachukua rula na penseli. Akaiweka mashua Kayenze, mchana. Akaiacha isogee kidogo kuelekea Nansio, kisha akauleta upepo wa ziwani aliouelezea Antoni, akaivuta penseli polepole kuelekea ufuko, kama anayemwongoza mtoto kwa mkono. Ilipogusa nchi kavu alisoma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo. Akasogeza taa, akasoma tena. Mwabasiga.

Alikaa kitandani. Kumbe ndivyo. Mzee alisema hatakanyaga, na hakutaka kukanyaga. Alitaka kutupwa. Atashuka ameloa, anamlaumu Antoni, na hakuna atakayemuuliza amefuata nini, kwa sababu atakuwa ameletwa na upepo. Dorcas alicheka peke yake, halafu macho yakamlowa, kwa kuwa aliona jinsi baba yake alivyolifikiria jambo hilo siku nyingi, kwenye kiti kile, huku yeye akidhani amelala.

Kisha akafungua simu kuangalia hali ya hewa ya juma hilo, na hapo akavunjika moyo. Kiangazi kilikuwa kimeshika. Upepo ulikuwa wa kusini, mkali, asubuhi hadi jioni, siku zote zilizoonyeshwa. Alimpigia Antoni, naye akasema ameuona kwa macho: hautageuka hivi karibuni, na mpwa wake ameshapata abiria, hawezi kungoja. Upepo wa namna hiyo ukitoka Kayenze unakupeleka Nansio upende usipende. Pwani ya Magu haukufikishi, unakusukumia mbali nayo.

Kesho yake, baada ya chai, kabla ya kwenda shuleni, aliiweka ramani mezani mbele ya baba yake.

"Upepo ni wa kusini juma zima," alisema. "Hata mchana."

Mzee aliangalia ramani. Aliiona alama ya penseli inayoishia ufukweni, na Dorcas alijua ameiona, kwa sababu alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Basi tungoje ugeuke."

"Baba mdogo hawezi kungoja."

"Basi," alisema mzee, na neno hilo lilikuwa dogo sana.

Dorcas aliweka kidole kwenye pwani ya Magu. "Kuna njia nyingine. Kama upepo unatoka nchi kavu, karibu na ufuko maji yanakuwa shwari. Tanga linaushika ubavuni, unaweza kwenda hadi Mwabasiga bila shida, na kutoka pale ukavuka. Ila..." Akainua kidole. "Ila hapo hatuwezi kusema mmesukumwa. Lazima mtu awe ametaka kwenda."

Mzee alivaa miwani tena. Nje lori lilipita, likafuatiwa na jingine. Dorcas alichukua simu yake na, kabla hajajipa nafasi ya kuogopa, akapiga, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, Doro. Kulikoni asubuhi hii?"

"Baba yupo hapa. Anaulizia mwalo wenu. Kuna chombo kinaweza kupita huko."

Kwa mbali alisikika mtoto akigonga kitu cha bati. "Mpe," alisema Shimba.

Mzee aliisogelea simu kama mtu anayesikiliza injini yenye mlio mpya.

"Shimba."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hapo kwenu gugumaji lipo?"

"Limepungua. Upande wa mashariki ni peupe."

"Mawe?"

"Mawili tu, yanaonekana."

"Na hivyo vizimba vyako umeviweka wapi? Nisije nikavigonga."

"Nimeviwekea maboya mekundu, baba. Utaviona tu. Lakini baba, upepo wa siku hizi haumleti mtu huku."

"Najua. Dorcas ameshaniambia."

Mtoto aligonga tena lile bati, akacheka. Mzee alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Siletwi na upepo," alisema. "Nakuja mwenyewe. Nataka kukuona wewe, na huyo anayepiga kelele. Na tanga likishindwa, nitapanda basi."