Pikapu Iliyoomba Kupunguziwa Mzigo

Jana mchana, akiwa amejilaza kwenye kochi baada ya kula, Tusekile aliota pikapu yake imeketi jikoni ikinywa dizeli kwa kisosi.

Usingizi ulimpitia akiwa na wasiwasi. Mama yake, Atuganile, alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho huko Mbeya kesho yake asubuhi, na nafasi hiyo aliingoja tangu kiangazi cha mwaka jana. Vituo vya mafuta Tukuyu vilikuwa vimekauka, mabasi yameegeshwa, na dizeli iliyobaki kwenye tangi isingeweza kuifikisha pikapu ile Mbeya.

"Unakunywa sana," Tusekile anaiambia.

"Nakunywa kulingana na kazi," pikapu inajibu huku ikijifuta mdomo. "Kwanza magurudumu yangu hayana pumzi."

Tusekile anainama. Ni kweli, magurudumu yanakohoa kama wagonjwa wa pumu. Anayapulizia kwa mdomo, moja baada ya jingine. La mwisho linamshukuru na kumuuliza habari za nyumbani.

"Halafu mguu wako ni mzito," pikapu inaendelea. Inachukua yai kabatini, inaliweka chini ya pedeli ya mafuta.

"Taratibu, dada," yai linasema. "Ndiyo kwanza naanza maisha."

Tusekile anakanyaga kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Jikoni sasa ni barabara ya Kiwira, na hakuna anayeshangaa. Upepo unagonga kioo, unaomba lifti.

"Funga," pikapu inasema. "Huyo akiingia, tutambeba mpaka Mbeya."

Tusekile anauomba radhi upepo, anapandisha kioo. Hata hivyo kilima kinawashinda. Pikapu inasimama.

"Kuna mzigo nyuma," inasema kwa upole. "Na wewe unaujua."

Tusekile anashuka. Nyuma, kwenye bodi, amekaa baba yake aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Amekalia sanduku lake la chuma, lile la vifaa vya kuchomelea mageti. Tangu msiba, Tusekile amekataa lisishushwe. Ameenda nalo sokoni, shambani, hadi kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hivi vyuma unavipeleka wapi?"

"Sivipeleki popote. Nilidhani ukirudi utavitaka."

Baba anashika mpini wa sanduku. "Sirudi, Tuse. Na mama yako anataka macho yake. Njoo tushushe."

"Sitaki, baba."

"Najua. Shika upande huo."

Tusekile anashika. Analia, lakini anashika. Sanduku linashuka, na pikapu inapumua kwa nguvu hadi majani ya migomba yanatikisika.

"Tuse! Amka, tutachelewa!"

Ilikuwa sauti ya mama yake, amesimama mlangoni na kanga yake ya safari. Tusekile alitoka nje akifikicha macho, akasimama ghafla. Sanduku lilikuwa chini, limeegemezwa ukutani. Siku ya kulipakia walilibeba wanaume wanne.

Alimpandisha mama garini, akafunga vioo, akaendesha taratibu mno hata waendesha baiskeli wa Kiwira wakampita wakimpungia mkono. Walipoingia Mbeya jua lilikuwa bado halijazama, na mshale wa mafuta ulikuwa bado haujagusa wekundu.

Mbele ya geti la hospitali ndipo mama aliposema, "Umemwita fundi gani leo kushusha lile sanduku? Macho yangu yaliona kivuli tu. Nilimwambia asante, akaniuliza kama bado nazidisha chumvi kwenye maharage."

Tusekile alizima gari. "Ukamjibu nini, mama?"

"Nikamwambia ndiyo."