Kiatu cha Kushoto

Nilipovunjika nyonga, wa kwanza kufika wodini alikuwa wifi yangu, na hakuja kunipa pole, alikuja kutazama. Ndiyo maana daktari wa mifupa alipoanza maswali yake ya kabla ya upasuaji, nilijibu kwa sauti ya kumfikia wifi.

"Mama, umewahi kuvimba mguu?"

"Mimi? Mzima kama chuma!"

Wifi akachekea puani. Tangu ujana wetu mguu wangu wa kushoto anauita mchi wa kinu. Nilishaapa sitampa raha hiyo tena.

Nyuma ya daktari alisimama mjukuu wangu, koti jeupe, ndiyo kwanza ameanza udaktari. Nilimsomesha kwa kutembeza sabuni nyumba kwa nyumba. Aliinama, akatoa viatu vyangu chini ya kitanda, akavipanga soli kwa soli.

"Bibi, mbona cha kushoto kikubwa?"

"Fundi alikosea."

"Fundi gani huyo, anakosea kila mwaka? Si ulikuwa unanituma mimi? 'Mwambie cha kushoto akiachie nafasi.'"

Nikamkonyeza. Hakukonyezeka.

"Bibi, sikiliza. Umri wako, nyonga iliyovunjika, na tangu juzi umelala tu: hayo peke yake yanaweza kugandisha damu mguuni. Kama iliwahi kuganda zamani, hatari inazidi. Donge likichomoka likafika kwenye mapafu, nitakuzika na koti hili mwilini. Nijibu."

Nikamtazama wifi. Nikamtazama mtoto.

"Nilipomzaa mama yako," nikasema. "Mguu ulivimba, ukawaka moto. Haukurudi kama zamani."

"Mchi wa kinu!" wifi akadakia.

"Asante, bibi," mjukuu akamwambia wifi kwa adabu zote. "Sasa tuna shahidi pia."

Wodi ikaangua kicheko. Safari hii hakikuwa cha kunicheka mimi.

Kipimo kilionyesha mshipa uliowahi kuziba. Daktari mkubwa akapanga upya sindano za kuzuia damu kuganda, akaagiza nisimamishwe mara tu baada ya upasuaji. Akamgeukia mjukuu wangu: "Swali la viatu sikukufundisha mimi."

Siku iliyofuata upasuaji nikasimamishwa, mikono kwenye fremu ya kutembelea.

"Jamani, mwacheni alale!" wifi akalia.

Nikaburuza fremu hadi alipoketi, jasho likinitiririka, nikasogeza ule mguu mbele yake.

"Utazame vizuri, wifi," nikamwambia. "Huu ndio uliosomesha daktari."