Dawa ya Kuanikwa

"Bado ni njano," Mwalimu Gregory alisema, ameziinamia chupa zake nje ya maabara. "Njano kama mkojo wa ng'ombe."

"Ng'ombe mgonjwa," Mama Salvina akamsahihisha, ufagio kwapani. Mfagizi yule hakuweza kuona neno limelala asilichokonoe.

Mwalimu hakucheka. Juma zima alikuwa akizianika chupa zile kwenye jua la Shinyanga. Ndani alitia chumvi ya chuma na vimiminika viwili, kila kimoja na kaboni zake, zisizosalimiana. Jua likikipiga chuma, alimweleza Mama Salvina siku ya kwanza, chuma kitazichokoza kaboni hadi zishikane. Dalili ya kwanza ni njano kupauka.

"Kumbe chuma ni mshenga!" Mama Salvina alikuwa amesema siku ile. "Anaozesha watu, kisha huyoo, nyumba nyingine."

Leo mwalimu alisema, "Hadi jioni isipopauka, namwaga. Mkuu wa shule anataka maabara iwe stoo ya mbegu za pamba. Nimechoka kumbembeleza."

Kengele ikalia, akaenda darasani.

Mama Salvina akavua kanga ya mabegani ili azifunike chupa, kama kila siku. Babu yake alikuwa mganga kule Tinde, na dawa ya babu haikuachwa wazi hata mara moja: jua huinyonya nguvu, macho ya wapita njia huimalizia. Basi mwalimu akienda kufundisha, yeye hufunika. Kabla hajarudi, hufunua. Kwa mapenzi tu. Kijana wa watu, hana mama hapa.

Kanga ikabaki hewani.

Jua likikipiga chuma, mwalimu alisema.

"Yesu na Maria! Mshenga nimemfungia ndani."

Angeweza kunyamaza. Lakini jua lilikwishapita utosini, na jioni chupa zingemwagwa. Akisema, huenda ufagio ukapata mwenyewe mwingine. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda hadi mlango wa Kidato cha Pili.

"Shikamoo, mama!" wanafunzi wakamwamkia wote.

"Marahaba. Mwalimu, usimwage. Nilikuwa nazifunika kwa kanga. Kila ukitoka."

"Unazifunika? Kwa nini?"

"Si dawa?"

Mwanafunzi mmoja akacheka. "Cheka, baba," Mama Salvina akamwambia. "Na wewe utazeeka, meno hayo yakikubali."

Mwalimu Gregory akaweka chaki chini.

"Na kanga iko wapi?"

"Kiunoni."

"Basi ikae hukohuko, mayo, mama yangu. Nenda ukazilinde. Mimi nakwenda kwa mkuu kuomba juma jingine."

Mama Salvina akakaa kando ya chupa, jua likimchoma kisogo. Alasiri wingu likatokea upande wa Ushetu, zito, jeusi kwa chini, wingu ambalo mashamba yote yalikuwa yakilisubiri tangu mahindi yaanze kujikunja. Mama Salvina akalitazama likija, midomo ikimcheza, asijue aliombe lije au lipite.