Mashine Mbili za Mansukhlal

Mwahija aliizunguka mashine kubwa ya mtumbwi mara tatu, mikono nyuma, kama mzee anayekagua ng'ombe wa mahari na hataki ionekane kwamba amekwisha kupenda. Ilikuwa imefungwa kwenye benchi nzito katikati ya duka la Mansukhlal, pale Geita, nyekundu, inang'aa, ya nguvu za farasi ishirini na tano. Kando yake ilikaa ndogo ya kijivu, ya farasi tisa. Hiyo Mwahija hakuitupia jicho hata mara moja.

"Hii," alisema, akaipiga kubwa kofi la mapenzi.

Masele, nahodha wake, alikohoa. Alikuwa Msukuma wa maneno machache, na kikohozi chake kilijulikana kuwa ni hotuba. "Yaya," alisema kwa Kisukuma, "hapana, Mama Zuwena. Mtumbwi wetu ni mzee. Hii itaupasua mgongo."

"Mbona wa Akida haujapasuka?"

"Wa Akida umechongwa juzi."

Jina la Akida, mshindani wake katika uvuvi, lilimpandisha Mwahija damu. Mashine yake ya zamani ilikuwa imezima katikati ya ziwa, vijana wakapiga makasia mpaka jua la utosi, samaki wote, sato na ningu, wakaharibika. Tangu siku hiyo hakuwahi kuliwahi lori la wachuuzi, ambalo liliondoka mwaloni, pale mitumbwi iliposhushia samaki, saa mbili kamili asubuhi na halikumngoja mtu, wakati Akida alifika mapema na kushusha samaki wake akipiga miluzi. Fedha zilizofungwa kwenye pindo la khanga yake zilitosha mashine moja tu. Akikosea, hapakuwa na ya pili, na mtumbwi ule ndio uliowalisha yeye na binti zake tangu alipofiwa na mumewe. Hayo yote aliyajua, lakini miluzi ya Akida nayo ilimkaa masikioni.

Mansukhlal aliweka chini kikombe chake cha chai. Alikuwa mfanyabiashara aliyefikia umri wa kupenda usingizi mwema kuliko faida.

"Nikuulize, Mama Zuwena. Mtumbwi wako ukijaa samaki hukaaje majini? Nyuma huzama, au pua huinama? Na upepo ukiupiga ubavuni, hufanyaje?"

Mwahija aliutafuta mtumbwi wake akilini. Miaka kumi na miwili alikuwa mwenye mtumbwi. Alijua kila ubao ulinunuliwa wapi na kila tundu la wavu lilishonwa na nani. Aliujua mgongo wake ukienda na uso wake ukirudi. Lakini hakuwahi kutia mguu ndani. Mwaloni kwao mwanamke hakupanda mtumbwi wa uvuvi. Samaki wangekimbia, ndivyo wanaume walivyosema, na hakuna aliyewahi kwenda kuwauliza samaki. Aliona haya, zile haya za mtu mzima zinazochoma masikio.

"Sijui," alisema.

Neno hilo halikuwa na mazoea na kinywa chake. Masele aligeuka kumtazama.

"Basi sinunui kwa kusikia," Mwahija akaendelea, na sauti yake ikaanza kupata nguvu. "Bwana Mansukhlal, zipakie zote mbili kwenye gari lako. Nitazijaribu mwenyewe, nikiwa ndani."

"Mama Zuwena," Masele akasema polepole, "kuna mwiko."

"Mwiko ni wa mtumbwi wa uvuvi. Tutashusha nyavu, ndoana, vikapu, kila kitu. Mtumbwi usio na wavu hata mmoja unavua nini?"

Masele alitazama dari akiitafuta kasoro ya hoja ile. Hakuiona. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu ambaye hacheki kila siku. "Hauvui kitu," alisema. "Hizo ni mbao tu zinaelea."

Mansukhlal aliinuka kutafuta kufuli. "Nafunga duka," alisema. "Hili sikubali kusimuliwa."

Saa tisa alasiri walikuwa mwaloni. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliziacha kazi zao wakaja kushuhudia, na wengine walipiga vigelegele kabla hakijatokea chochote. Masele alishusha nyavu moja moja, hata kipande cha kamba akakitupa mchangani, asije mtu akasema. Mwahija akakaza khanga kiunoni, akapanda. Mtumbwi ukayumba, akashika ubao kwa mikono miwili, akajikuta anacheka peke yake.

Walianza na kubwa. Ilinguruma, pua ya mtumbwi ikanyanyuka juu, na kwa muda mfupi Mwahija alifurahi kama mtoto. Kisha akausikia mtetemeko chini ya nyayo zake. Kila ubao ulitetemeka kivyake, ukivutana na mwenzake, na kwenye maungio aliyolipia yazibwe kwa kalafati mwezi uliopita maji yakaanza kupenya.

"Zima!" alipiga kelele.

Mashine ilipozima aliweka kiganja juu ya ubao. Siku zote zile aliulaumu mtumbwi huu kwa kuchelewa. "Pole," aliuambia, bila kujali kwamba Masele anasikia.

Walirudi ufukweni, wakafunga ile ndogo. Hiyo haikunyanyua pua. Mtumbwi ulitulia, ukakata maji kwa mwendo mmoja, na mawimbi yakawa yanaugonga ubavuni kwa adabu. Hakuna tone lililoingia. Mwahija alipima kwa macho umbali wa kisiwa walikovua vijana wake na umbali wa mwalo, akapiga hesabu ya alfajiri na ya saa mbili. Akida wangemkuta amekwisha kushusha samaki, lakini lori wangelikuta. Akashangaa kuona kwamba hilo lilimtosha, na kwamba kifua chake kilikuwa chepesi. Akida mwenyewe alipita kwa kishindo, akapiga mluzi mrefu. Mwahija alikuwa ameinama akitazama jinsi maji yanavyojifungua mbele ya mtumbwi wake, hakumsikia.

Ufukweni, Mansukhlal alisimama akiwa ameshika viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. "Mama Zuwena!" aliita. "Ipi?"

Masele alipunguza mwendo. "Turudi? Naona umekwisha chagua."

Mwahija alitumbukiza mkono ziwani, maji yakamfika kwenye kifundo cha mkono, ya baridi, yakimvutavuta vidole.

"Mwambie bado sijaamua," alisema. "Twende mpaka kule kisiwani."